Tumenyimwa ruzuku mara mbili

*Sisi ni kikundi cha wanawake wa Gahanga, Kicukiro. Jioni tunawafundisha kusoma wasichana walioacha shule. Tumeomba ruzuku mara mbili, tukanyimwa bila maelezo. Je, wanaopewa ni mashirika makubwa tu?*
*Mama M., Kigali*

Pole sana, Mama M. Kunyimwa si hukumu juu ya kazi yenu, ambayo ni njema; mara nyingi kasoro huwa kwenye karatasi.

Aghalabu mfadhili hutaka kikundi kinachotambulika kisheria. Nchini Rwanda mashirika ya kiraia husajiliwa na RGB (Bodi ya Utawala ya Rwanda), na vyama vya ushirika na RCA (Wakala wa Vyama vya Ushirika wa Rwanda). Kama nyinyi bado ni ikimina (kikundi cha kuweka akiba pamoja), ombeni kupitia shirika lililosajiliwa, kwa mkataba wa maandishi.

Kisha bajeti, ambako maombi mengi huangukia. Kuandika “vifaa: faranga 600,000” hakumwambii msomaji kitu. Tajeni madaftari mangapi, bei ya kila moja, na wasichana wangapi watayatumia. Onyesheni pia mnachotoa wenyewe: chumba, saa za walimu, michango. KCDF, taasisi ya maendeleo ya jamii ya Kenya iliyoanzishwa 1997, imejengwa juu ya imani kwamba jamii nayo ichangie, na wafadhili wengi huona hivyo.

Waandikieni waliowanyima, kwa adabu, mkiuliza sababu. Pia ulizeni wilayani kuhusu JADF, jukwaa la wadau wa maendeleo. Hapo mtajua nani anafadhili elimu Kicukiro.

Tafuteni mhasibu kabla fedha ya kwanza haijaingia. Na mtu akidai malipo ili “apitishe” ombi lenu, msimpe, ripotini kwa RIB, idara ya upelelezi ya Rwanda.