Kumwua Mwizi Si Kuukomesha Wizi

Mkulima wa Lusewa aliyeibiwa mahindi ghalani ana uchungu wa haki, na ana haki ya kudai mwizi akamatwe. Lakini nchini mwetu mara nyingi kelele ya "Mwizi!" humkusanyia mtu mawe na fimbo kabla hajaulizwa hata jina. Utafiti wa vifo vya mwaka 2005 Dar es Salaam ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliouawa waliuawa na makundi ya wananchi.

Je, wizi ulikoma? La. Mwitaliano Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba hakika ya kukamatwa humzuia mtu kuliko ukali wa adhabu, na tafiti za siku hizi zaunga mkono neno hilo. Kundi lenye hasira halina hakika hiyo. Leo laweza kumpata mwizi, kesho mgeni aliyepotea njia, na pengine mwizi mwenyewe yumo kundini akirusha mawe. Tena, aliyekufa hawataji wenzake, wala hamtaji mnunuzi wa mali ya wizi.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Raia aweza kumkamata anayeiba mbele ya macho yake, ila sharti amkabidhi polisi bila kukawia. Wakimwua, hao ni wauaji, wala wingi wao hauwapunguzii hatia.

Wengine husema: "Tukimpeleka polisi, kesho yuko nje." Twajibu: dhamana si msamaha, kesi ingali yaendelea, nayo yaweza kuanguka mashahidi wasipofika. Hata hivyo, manung'uniko ya wananchi hayakosi msingi. Ndiyo maana mwaka 2023 Tume ya Rais chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilichunguza vyombo vya haki jinai, ikatoa mapendekezo yake. Yafaa wenye mamlaka wayatimize, kwani haki ikichelewa, watu hushika mawe.

Basi, enyi wazazi, wafundisheni vijana wenu. Wasikiapo kelele, wakimbilie kumkamata mtu na kumlinda. Wamwite mwenyekiti wa kijiji, wayashike majina ya walioona, na siku ya kesi wafike mahakamani. Amri ya Tano yamlinda hata mwizi.