SOMO LA GHALA: MILANGO NA MADIRISHA YA CHUMA

Vyama vingi vya msingi hupendelea milango na madirisha ya chuma, kwani hayaliwi na mchwa, wala mwizi hayavunji kwa urahisi. Hata hivyo chuma kina kasoro moja: hupitisha joto zaidi ya mara 200 kuliko mbao. Alumini huzidi hata chuma.

Mchana mlango huwaka jua na kulipasha ghala joto. Usiku, katika baridi ya milimani, chuma hupoa upesi. Mvuke uliomo hewani hugusa chuma hicho, hugeuka matone na kutiririka hadi kwenye magunia. Kahawa iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 12 hurudiwa na maji, huota ukungu na kushuka daraja. Mwanachama aliyeleta mazao mema hupata hasara isiyokuwa yake.

Viwanda vya Ulaya huigawa fremu ya alumini sehemu mbili, ya nje na ya ndani, na kuziunganisha kwa ukanda wa plastiki ili joto likatizwe njiani. Kanuni hiyo yaweza kutumika hapa kwa vifaa vya fundi wa kijijini:

1. Upande wa ndani wa mlango ufungwe vipande vya mbao iliyotiwa dawa ya mchwa, kisha plaiwudi, pakiachwa nafasi ya sentimita 2 au 3. Hewa iliyotulia humo huzuia joto.

2. Nyufa baina ya fremu na ukuta zizibwe kwa lipu, na kingo za mlango ziwekewe mpira.

3. Upande wa nje upakwe rangi nyeupe, na paa lirefushwe kutoa kivuli.

4. Madirisha yafunguliwe mchana mkavu, yafungwe jioni na wakati wa mvua. Ghala lisilopumua huozesha mazao.

5. Magunia yapangwe juu ya chaga, walau nusu mita kutoka ukutani na mlangoni.

Katibu aukague mlango kwa ndani kila alfajiri na kuandika katika daftari la ghala kama umelowa. Daftari hilo ndilo ushahidi mbele ya Bodi fedha za matengenezo zinapoombwa.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:

(a) Je, mlango wa ghala letu hulowa?

(b) Gharama ya mbao na plaiwudi ni sawa na bei ya magunia mangapi ya kahawa?