UKAGUZI WA AFYA MPAKANI: SOMO LA MPONDWE

Wasomaji wetu wengi wakaao karibu na mipaka wamepata kusimamishwa njiani wakati wa magonjwa, wakanawishwa mikono kwa maji yenye dawa, kisha wakaelekezewa chombo kidogo penye paji la uso. Wengine hudhani ya kuwa chombo kile chaona ugonjwa. Sivyo. Hupima joto la mwili tu, wala hakijui homa hiyo imetoka wapi. Kwa hiyo tumeona vema kueleza kazi ya ukaguzi huo, nguvu yake na mahali nguvu hiyo ikomapo. Na mfano wetu ni mambo yaliyotokea mwaka 2019 huko Mpondwe, wilaya ya Kasese, penye mpaka wa Uganda na Kongo.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Ebola ilizuka Kongo ya mashariki ikatangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo waliugua watu 3,470, na kati yao 2,287 wakafa. Mtu huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi au choo cha mgonjwa, na hatari ni kubwa zaidi katika kuosha maiti. Tangu kuambukizwa mpaka homa ya kwanza hupita siku 2 hata 21. Jambo hili twaomba likumbukwe, maana ndilo kiini cha somo. Katika siku hizo za kungoja mtu hawaambukizi wenzake, lakini pia hana homa. Akipita langoni siku ya tano, chombo kitamwona mzima, na mwenyewe atajiona mzima, wala hakuna aliyesema uongo. Tena, kwa kuwa Ebola huanza na homa, kuumwa kichwa na uchovu kama malaria, wengi wanaozuiwa langoni wana malaria tu.

Watu wa zamani walitafuta dawa ya shida hiyo kwa kungojesha wageni. Neno karantini asili yake ni hesabu ya siku arobaini katika Kiitalia, ndizo siku ambazo merikebu zilizuiwa bandarini zama za tauni. Hata Unguja kisiwa cha Changuu kilipata kuwa mahali pa kuwaweka abiria wa namna hiyo. Lakini jahazi lina mlango mmoja, na Mpondwe si jahazi. Siku za gulio maelfu ya watu huvuka kwenda na kurudi, tena ni ndugu: Wakonzo upande wa Uganda na Wanande upande wa Kongo ni watu wa lugha moja, nao huoana na kuzikana. Ukiwaambia wakae siku 21 kabla ya kuuza samaki, watashuka mtoni Lubiriha na kuvuka mahali pasipo mlinzi.

Na ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Juni 2019. Mama mmoja Mkongo, aliyeolewa Uganda, alikuwa amekwenda kwao kumwuguza baba yake, naye akafa kwa Ebola, akazikwa. Jamaa walipokuwa safarini kurudi, baadhi yao walionekana katika kituo cha Kasindi, upande wa Kongo, kuwa wana dalili, wakatengwa ili waangaliwe. Wengine wakaondoka wakavuka kwa njia za miguu. Hatupendi kuwalaumu sana. Walikuwa wametoka matangani, wana watoto wagonjwa, na nyumba yao ilikuwa ng'ambo tu. Mtoto wao wa miaka 5 alipelekwa hospitali ya Kagando, na wauguzi wa pale wakamshuku upesi, wakampeleka katika jengo la wagonjwa wa Ebola huko Bwera. Tarehe 11 Juni ugonjwa ukathibitishwa. Bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 walikutwa nao vilevile, na wote watatu wakafa.

Basi lango lilikwepwa. Mbona ugonjwa haukuenea? Kwa sababu karibu waganga na wauguzi 4,700 wa Uganda walikuwa wamekwisha kuchanjwa, nao walifundishwa kumwuliza mgonjwa wa homa, “Umetoka wapi? Umemzika nani?” Kisha wote waliowakaribia wale wagonjwa waliandikwa, wakatembelewa siku kwa siku mpaka siku ya 21, na wengine wakachanjwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeambukizwa ndani ya Uganda.

Tarehe 28 Agosti mwaka ule ule alifika msichana wa Kongo wa miaka 9 pamoja na mama yake, wakitafuta matibabu Bwera. Hao walipita langoni. Wakaguzi wakamwona ana homa kali, mwili umelegea, ana vipele na damu yamtoka kinywani, wakamtenga papo hapo. Mtoto hakupona, na mwili wake ulirudishwa Kongo. Lakini ugonjwa haukuvuka lango, kwa kuwa mama yule hakuogopa kupita mbele ya wakaguzi.

Hapo ndipo tuonapo kazi ya majumbe na walimu. Anayeamini kwamba akiwa na homa atafungwa na kuachwa afe, atapita porini. Na aambiwe ukweli: mwezi huo huo wa Agosti 2019 madaktari walitangaza kwamba dawa mbili zilizojaribiwa Kongo zapunguza vifo, hasa kwa mgonjwa ajaye mapema. Dawa hizo, pamoja na chanjo iliyotumika, ni za Ebola ya aina ya Zaire, nayo ndiyo ya mlipuko ule. Aina ya Sudan, iliyozuka Uganda mwaka 2022, haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa wakati huo.

Mgeni akishikwa na homa nyumbani kwako, naye ametoka penye ugonjwa, usimfukuze, maana atakwenda kulala kwa mwingine ambaye hajui habari zake. Apewe chumba chake na chombo chake, asiguswe kwa mikono mitupu, na mhudumu wa afya aitwe siku hiyo hiyo. Mwalimu na aandike majina ya waliokaa naye. Na asiye na homa lakini alimkaribia mgonjwa, atazamwe siku 21 tangu siku alipomkaribia mara ya mwisho. Zikipita salama, muda wa hatari umekwisha, na jumbe na ampe mkono mbele ya watu, wapate kuona.