Dawa ya maumivu si dawa ya ugonjwa



Karibu kila nyumba ina kikopo au karatasi iliyokunjwa yenye vidonge: dawa ya kichwa, dawa ya mgongo, dawa ya homa. Wengi wetu tunazijua kwa rangi tu. Kile cheupe ni cha kichwa, kile cha rangi mbili ni cha viungo. Jirani akilalamika tunampa viwili, naye anatushukuru.

Tuseme mtumikaji mmoja wa shimoni mgongo unamwuma tangu wiki mbili. Asubuhi anameza ibuprofeni bila kula, ili asichelewe zamu. Jioni jirani anampa diklofenaki, akisema ndiyo yenye nguvu. Jumapili anakunywa pombe, usiku kichwa kinamgonga, anameza aspirini. Siku ya kumi haja yake kubwa ni nyeusi kama lami, na akipanda ngazi anaona kizunguzungu. Anafikiri ni uchovu wa kazi. Kumbe damu inatoka ndani ya tumbo lake. Mtu huyo si mvivu wala mlevi. Hakujua tu kwamba dawa zile tatu ni ndugu wa ukoo mmoja.

Leo tujifunze dawa hizo zinafanya nini, na kwa nini mwuguzi anatuuliza maswali mengi kabla ya kutupa kidonge.

Namna dawa hizi zinavyofanya kazi

Mahali penye jeraha au ugonjwa, mwili unatengeneza vitu vidogo vinavyoitwa prostaglandini. Hizo ndizo zinazofanya mahali pale pavimbe, pawe na moto na paume. Zikitengenezwa kichwani, zinapandisha joto la mwili wote; ndiyo homa.

Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, na kwa miaka zaidi ya 70 watu waliimeza bila kujua inavyofanya kazi. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini inauzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Mwaka 1982 alipata zawadi ya Nobel pamoja na wataalamu wawili wa Uswidi.

Lakini prostaglandini zina kazi njema pia. Zinalinda ngozi ya ndani ya tumbo isiunguzwe na maji makali yanayosaga chakula. Zinasaidia damu ifike vizuri kwenye mafigo. Basi dawa inayozima maumivu ya mgongo inaondoa pia ulinzi wa tumbo na msaada wa mafigo. Dawa haichagui.

Tena tufahamu neno hili: dawa hizi zinanyamazisha kengele, hazizimi moto. Haziui vijidudu vya malaria, haziponyi jino lililooza, hazirudishi mfupa uliovunjika mahali pake.

Koo nne za dawa

1. Parasetamoli. Inatuliza maumivu na kushusha homa, lakini haisaidii sana uvimbe. Hailiumizi tumbo. Hatari yake ni kwa ini. Mtu mzima mwenye afya anameza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, kisha anangoja saa 4 hadi 6. Asipite vidonge 8 katika saa 24. Anayekunywa pombe nyingi, au mwenye ugonjwa wa ini, au aliyekonda sana, aulize kwanza, maana kipimo chake ni kidogo zaidi. Angalieni pia: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Anayemeza dawa ya mafua na parasetamoli pamoja anameza kitu kimoja mara mbili.

2. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indometasini. Huu ndio ukoo wa mtumikaji wetu. Zinatuliza maumivu, homa na uvimbe. Hatari zake ni vidonda vya tumbo, kutoka damu, kuumia mafigo, na kupanda kwa msukumo wa damu. Usimeze mbili za ukoo huu pamoja: hupati nafuu mara mbili, bali hatari mara mbili.

3. Prednisoloni na deksametasoni. Zinapunguza uvimbe kwa nguvu kubwa, na mganga anazitumia kwa magonjwa maalum. Watu wengine wanazinunua sokoni ili wapate hamu ya kula na kunenepa. Hiyo ni hatari. Zinapandisha sukari katika damu na kupunguza nguvu ya mwili ya kujilinda. Sisi tunaopumua vumbi la mawe tuwe macho zaidi. Vumbi la silika linaongeza hatari ya kifua kikuu, na dawa hizi zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafula. Aende kwa mganga, naye atampunguzia polepole.

4. Tramadoli na kodeini. Hizi ni za maumivu makali, kwa amri ya mganga. Zinaleta usingizi na kizunguzungu, na mwili unaweza kuzizoea hata ushindwe kuziacha. Mwenye kuendesha lori, mtambo wa kuinua au mashine ya kutoboa asizimeze akaenda kazini. Maisha ya wenzake yako mikononi mwake.

Maswali ya mwuguzi

Tukifika kituo cha afya, tunataka dawa upesi turudi. Mwuguzi anaanza kuuliza, nasi tunasema moyoni: huyu mama ana maneno mengi. Lakini kila swali lake lina sababu.

«Baba, maumivu yalianza lini, na yako wapi?» Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi si sawa na maumivu ya misuli. Na aliyegongwa kichwani na jiwe asipewe ibuprofeni akalale, achunguzwe kwanza.

«Umemeza nini tangu jana?» Taja yote, hata dawa ya sokoni, hata dawa ya miti. Mwuguzi hataki kukukaripia. Anataka asikuongezee ile uliyokwisha kumeza.

«Umekwisha kupata kidonda cha tumbo, au kutapika damu?» Ukijibu ndiyo, ukoo wa pili si wako, isipokuwa mganga mwenyewe aamue.

«Una msukumo wa damu, ugonjwa wa moyo, wa mafigo au pumu?» Ukoo wa pili unaweza kupunguza nguvu ya dawa za msukumo wa damu. Wengine wenye pumu wakimeza aspirini au ibuprofeni pumzi inawabana.

«Mama, una mimba?» Dawa za ukoo wa pili zinaweza kudhuru mafigo ya mtoto tumboni, na katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga mshipa karibu na moyo wake. Toka mwezi wa tano mama asizimeze, isipokuwa mganga mwenyewe amemwandikia aspirini ya kipimo kidogo. Kwa maumivu na homa parasetamoli ndiyo inayofaa, kwa kipimo chake. Tena mama mwenye mimba akipata homa asikae nyumbani, apimwe malaria.

«Umekula? Unakunywa maji?» Ukoo wa pili humezwa pamoja na chakula, hata bukari kidogo, na maji ya kutosha. Katika joto la shimoni mwili unapoteza maji mengi kwa jasho. Mafigo ya mtu aliyekaukiwa maji yanahitaji prostaglandini ili damu iyafikie. Akimeza ibuprofeni wakati huo, mafigo yanaweza kuumia. Vilevile kwa mtu anayehara au kutapika.

Dawa ikiisha kutolewa, kazi ya mwuguzi haijaisha. Anaandika saa na kipimo, kisha anarudi kutazama: homa imeshuka? Maumivu yamepungua? Mgonjwa anakojoa? Ana vipele? Nasi nyumbani tufanye vilevile. Andika saa kwenye karatasi, maana usiku wa kuuguza mama anameza-nisha, baba naye akiamka anamezesha tena.

Homa ya mtoto

Hapa kwetu homa ya mtoto inaweza kuwa malaria. Parasetamoli itashusha joto, mtoto atacheka na kuomba uji, nasi tutafurahi. Lakini vijidudu vinaendelea kuongezeka katika damu yake. Ndiyo sababu mtoto anapelekwa kupimwa siku ile ile homa inapoanza, hata kama ametulia. Kwa mtoto mdogo malaria inaweza kuwa kali katika muda wa siku moja tu.

Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto kinafuata kilo zake, si urefu wala umri wa kukisia: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara 4 kwa siku na si zaidi. Mtoto wa kilo 10 anapata robo ya kidonge cha 500. Wa kilo 20 anapata nusu. Ukiwa na dawa ya maji, soma chupa, maana chupa hazifanani, na vijiko vya jikoni navyo havifanani. Tumia kipimo kilichotoka na chupa.

Mtoto mwenye homa au mafua asipewe aspirini. Kwa watoto na vijana imehusishwa na ugonjwa wa nadra unaoshambulia ini na ubongo, nao unaweza kuua.

Mvue nguo nzito, mpe kinywaji mara kwa mara, mnyonyeshe. Usimwogeshe kwa maji baridi. Atatetemeka, na joto la ndani litapanda.

Mkimbize hospitali bila kungoja, mchana au usiku, ikiwa: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana kifafa cha homa, amelegea au hazinduki, shingo imekakamaa, anapumua mbio, au ana homa naye hajatimiza miezi mitatu.

Maumivu ya kazini

Mtumikaji anayemeza kidonge kila asubuhi ili aweze kushika mashine, anaificha hali ambayo mganga wa kazi angepaswa kuijua. Huenda anainua mzigo vibaya, au mtikiso wa mashine umezidi, au kiti cha lori kimevunjika. Kidonge hakitatengeneza kiti. Maumivu yakipita siku 5, usiongeze dawa; nenda ukachunguzwe. Na kila ajali, hata ndogo, iandikishwe kwa mkubwa wa kazi siku ile ile. Ukiyanyamazisha maumivu wiki mbili kwa vidonge, itakuwa vigumu kuonyesha yalianzia wapi.

Tukumbuke

– Jua jina la dawa, si rangi yake.
– Dawa mbili za ukoo mmoja hazimezwi pamoja.
– Ukoo wa pili: kwa chakula, kwa maji, kwa siku chache, kwa kipimo kidogo kinachotosha.
– Haja nyeusi kama lami, matapishi ya damu au yanayofanana na unga wa kahawa, mkojo kupungua sana, macho kuwa ya njano, vipele au uso kuvimba: acha dawa, nenda hospitali mara moja.
– Usimpe jirani dawa uliyoandikiwa wewe.
– Weka dawa juu, mbali na watoto. Mtoto akimeza vidonge vingi vya parasetamoli, mpeleke hata kama anacheza. Ini linaweza kuharibika kabla ya dalili kuonekana.

Ndugu, tukifika nyumbani leo jioni, tukifungue kile kikopo pamoja na mama wa nyumba. Kidonge kisicho na jina wala tarehe tukirudishe kituo cha afya. Na siku nyingine mwuguzi akituuliza maswali yake, tumjibu kwa ukweli.