SOMO: NI NANI ALIYEKATA MSHAHARA?

Ndugu wafanyakazi, katika somo hili tunatazama lugha isiyoeleweka, ile ambayo mtu huisoma mara tatu na bado akauliza, "Kwa hiyo wamesema nini?"

Kiswahili kina majina mengi ya lugha hiyo, na majina hayo hayalingani. Porojo ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Hayamdhuru mtu, ila kazi husimama. Anayebwabwaja husema ovyo kwa kuwa hajafikiri. Longolongo ni mbaya zaidi, maana mwenye longolongo anajua anachotakiwa kufanya, naye anatumia maneno ili siku zipite. Fumbo si kosa. Wazee na washairi hulitumia, na msikilizaji anajua kuna jambo la kufumbua. Lakini barua ya ofisini ikifumba, haimwambii msomaji kwamba imefumba.

Wenye Kiingereza huiita lugha ya namna hiyo gobbledygook. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1944 na Maury Maverick wa Texas, aliyewahi kuwa mbunge na meya wa San Antonio. Wakati huo wa vita aliongoza shirika la serikali ya Marekani lililovisaidia viwanda vidogo kupata kazi za vita. Alichoshwa na karatasi zenye maneno mazito, akawaagiza watumishi wake waandike kwa ufupi na waseme wanachokusudia. Kwa mzaha aliongeza kwamba atakayetumia maneno fulani mawili ya kiofisi atapigwa risasi! Kuhusu asili ya neno lake, alisema alimfikiria bata mzinga wa kwao, anavyolia huku akijivimbisha na kutembea kwa maringo. Waliofuga bata mzinga watamwelewa upesi.

Sasa tuje kazini. Tazama tangazo hili, ambalo tumelitunga kwa mfano: "Kufuatia zoezi la kuoanisha nguvukazi na mahitaji ya uzalishaji, imeonekana ni vyema nafasi kadhaa zifanyiwe mapitio." Maana yake ni kwamba mwajiri anataka kuwaachisha kazi baadhi yetu. Lakini ni wangapi? Lini? Na nani ameamua?

Hapo ndipo penye hila. "Meneja ameamua" humtaja mtendaji. "Imeamuliwa" humwondoa. Tena iko hatua ya tatu. Tukisema "mshahara umekatwa", angalau tunajua yupo aliyeukata, hata kama hakutajwa. Lakini karani akiandika "mshahara umekatika", basi umekatika wenyewe kama kamba ya ndoo kisimani, na hakuna wa kuulizwa. Herufi chache tu mwishoni mwa neno, na mwenye mkasi ametoweka.

Jambo hili si la sarufi peke yake. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba, anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 40 kinataka chama kiarifiwe sababu na kiasi cha upunguzaji angalau mwezi mmoja kabla. "Nafasi kadhaa" si kiasi. Tanzania nayo, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya maandishi ya kazi yake anafafanuliwa kwa njia anayoielewa. Kwa hiyo anayesema "sijaelewa" kabla ya kutia sahihi au dole gumba haombi hisani, wala hana sababu ya kuona haya mbele ya karani.

Zoezi la wiki hii: chukueni tangazo moja lililobandikwa ukutani kazini kwenu. Mmoja alisome kwa sauti, na katika kila sentensi wengine waulize: Nani? Anafanya nini? Lini? Kiasi gani? Pasipo jibu, wekeni alama, kisha mpeleke maswali hayo kwa mwajiri kwa maandishi.

Sisi wenyewe tulianza na kumbukumbu za mkutano wa tawi letu. Tulikuta imeandikwa: "Suala la buti za mvua lilijadiliwa kwa kina na mikakati ikawekwa." Buti hazijafika. Tulipotafuta katika ukurasa ule jina la mtu aliyetumwa kuzidai, hatukuliona.