Mtoto mwenye usonji na umati wa Nane Nane

Swali: Mwanangu wa miaka 9 ana usonji. Tunatoka Makambako kwenda maonesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Ndugu wanasema nimwache nyumbani. Nifanyeje?

Jibu: Mpeleke, mzazi mwenzangu, ila asubuhi, na si tarehe 8 yenyewe, siku ya kilele. Watoto wengi wenye usonji hupokea spika, honi na moshi wa mishikaki vyote kwa mkupuo, bila kuchuja. Akiziba masikio na kulia, hajakosa adabu, amezidiwa. Wapo watakaosema azoeshwe kwa nguvu. Nguvu humfundisha hofu tu. Kuzoea huja kidogo kidogo: anza na soko la Makambako mapema, dakika 10, mwondoke kabla hajachoka. Mtafutie vifuniko vya masikio kama vya waendesha mashine za mbao, bidhaa isiyo ngeni kwa mkoa wenu wa mbao, Njombe. Mkifika, tafuteni kwanza kona tulivu ya kukimbilia. Hoja kwamba atawaaibisha siipokei hata kidogo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yake ya kushiriki maisha ya jamii. Nanyi waandaaji, tengeni hema moja lisilo na spika.