Mbegu Feki, Meno ya Bandia

Kivumishi cha Kiingereza "fake" kimetuingilia kikawa feki, na hapa Dodoma hakikosi kazi, kuanzia soko la Majengo hadi mashamba ya Kongwa. Mwalimu wetu wa lugha anawajibu wasomaji.

Shikamoo mwalimu. Feki ya nini, wakati bandia tunayo?

Marahaba. Babu yako akivaa meno ya bandia hajamdanganya mtu. Mguu wa bandia ni halali, na mtoto wa bandia ni mchezo wa binti zetu. Feki ina lawama ndani yake. Hebu mwambie babu kwamba meno yake ni feki, uone kama utakaribishwa chai. Serikali ina mazoea yake: "bidhaa bandia" za matangazo ya Tume ya Ushindani ndizo feki za mtaani.

Tuseme vyeti feki au vyeti vya kughushi?

Aprili 28, 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Mtaani vikawa vyeti feki moja kwa moja. Mahakamani neno ni kughushi, kosa linaloelezwa katika kifungu cha 333 cha Kanuni ya Adhabu, na nia ya kulaghai lazima ithibitishwe. Feki haisubiri ushahidi.

Ripoti hiyohiyo ilikuwa na kundi jingine: cheti kimoja kinachotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hapo karatasi yaweza kuwa halali kabisa, mwongo ni aliyeishika. Ukiita cheti hicho feki, unailaumu karatasi ya watu bure. Kisha neno likahama kutoka kwenye vyeti likawaganda watu. Mwaka 2022, serikali ilipoamua kuwarudishia watumishi waliotajwa michango yao ya hifadhi ya jamii, bado waliitwa "wale wa vyeti feki".

Mwalimu, mbegu yangu ya alizeti haikuota. Si feki hiyo?

Pole sana, mama. Huenda, lakini usianze na neno hilo. Mbegu ya kweli iliyozeeka ghalani au kuungua juani haioti pia. Hiyo ni duni. Feki ni pale pakiti inaposema uongo, mathalani nafaka ya kula imepakwa rangi ikauzwa kama mbegu. Ukimwita muuza duka tapeli, mtabishania neno hadi jioni na mvua inapita. Tunza pakiti, lebo na risiti, kisha waambie TOSCI, wanaothibitisha ubora wa mbegu: nilipanda siku fulani, haikuota. Kama ni feki, wao ndio watakaosema.

Wingi wake ni mafeki?

Hapana. Kiatu feki, viatu feki. Kivumishi hiki kimekaa pamoja na safi, ghali na duni, wageni wenzake wa zamani wasiobeba kiambishi.

Vijana wa chuo wanasema "anafeki maisha". Ni Kiswahili?

Kijiweni, ndiyo, na kinaeleweka vizuri. Ila tuna vitenzi kujifanya na kujitia, ambavyo vinauma zaidi: "anajitia tajiri" inamvua mtu nguo kabisa. Kwenye insha ya mtihani andika hivyo.